Dereva wa Miaka 46 na Nati Iliyopotea

Siku ya Jumapili, tarehe 4 Agosti mwaka 1957, madereva wa magari ya mashindano walikusanyika katika milima ya Eifel, Ujerumani Magharibi, kugombea ushindi wa Nürburgring. Barabara hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita 22.8 kwa mzunguko mmoja. Ilipita msituni, ikipanda na kushuka, nayo ilikuwa na kona zaidi ya 150. Madereva walitakiwa kuizunguka mara 22, yaani kilomita 500 na kidogo. Mikanda ya kumfunga mtu kitini haikutumiwa wakati ule. Dereva alivaa kofia ngumu, miwani ya kukinga macho na shati lake, basi.

Miongoni mwao alikuwamo Juan Manuel Fangio wa Argentina, mwenye umri wa miaka 46, ambaye wengi wa wenziwe wangaliweza kumwita baba. Alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara nne. Alizaliwa katika mji wa Balcarce, mtoto wa wahamiaji wa Kitaliano, akaacha shule mapema ili kujifunza kazi ya ufundi wa magari. Hata alipokuwa akitumikia jeshi mnamo mwaka 1932, mkuu wake aliona jinsi anavyoshika usukani, akamfanya dereva wake. Wapinzani wake wakubwa siku hiyo walikuwa vijana wawili wa Kiingereza waliopendana kama ndugu: Mike Hawthorn, miaka 28, na Peter Collins, miaka 25. Hao waliendesha Ferrari. Fangio aliendesha Maserati.

Mashindano yalianza kabla injini hazijawashwa, maana yalianza kwa hesabu. Watu wa Ferrari walijaza matangi pomoni, wakafunga matairi magumu, wakakusudia kwenda mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Fangio na mafundi wake walifikiri vingine. Lita 100 za mafuta zina uzito unaokaribia ule wa mtu mzima, na mzigo huo huichosha gari katika kila mlima na kila kona. Kwa hiyo walitia nusu ya tangi tu na kufunga matairi laini yanayoshika barabara vizuri lakini huchakaa upesi. Shabaha yao ilikuwa kutangulia kwa wepesi, kusimama mara moja kutia mafuta na kubadili magurudumu, kisha kurudi barabarani kabla wengine hawajapita.

Mpango ulikwenda vizuri kwa muda. Vijana walitangulia mizunguko miwili ya kwanza. Katika wa tatu Fangio akawapita, na kufikia mwisho wa mzunguko wa 12 alikuwa mbele yao kwa sekunde zipatazo 30. Hapo akaingia kwa mafundi, akashuka, akanywa maji.

Ndipo mambo yalipoharibika. Gurudumu la gari la namna ile lilishikwa na nati moja kubwa ya katikati, iliyofunguliwa na kukazwa kwa nyundo. Nati mojawapo ilibiringika ikapotea chini ya gari, na mafundi wakahangaika kuitafuta huku sekunde zikipita. Askari yeyote aliyewahi kubadili gurudumu gizani anaijua nati hiyo. Wakati wangali wanainama na kuinuka, Ferrari mbili zilipita kwa kishindo. Fangio alipotoka alikuwa nyuma kwa sekunde karibu 50.

Hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwezi Juni mwaka 1952, baada ya kushindana Ireland ya Kaskazini, aliendesha usiku kucha kutoka Paris, akavuka milima ya Alps na kufika Monza, Italia, muda mfupi tu kabla ya mashindano. Alipanda gari akiwa mchovu, naye katika mzunguko wa pili akaruka nje ya barabara, akatupwa chini na kuvunjika shingo. Mwaka wote uliobaki alikuwa mgonjwa. Basi alijua vema bei ya kosa moja.

Kwanza alikwenda taratibu, ili matairi mapya yapate kushika. Watu wa Ferrari walitazama saa zao, wakaona pengo halipungui, nao wakaridhika. Vijana wakaendelea kushindana wao kwa wao. Msomaji na akumbuke kwamba hapakuwa na simu ya upepo ndani ya magari. Dereva alipata habari kwa ubao ulioinuliwa alipopita mbele ya mafundi wake, na mzunguko mmoja ulichukua zaidi ya dakika tisa. Kwa hiyo Fangio alipoanza kukimbia kwelikweli, habari zilizowafikia vijana zilikuwa zimekwisha chacha. Walipoambiwa waharakishe, mzee alikuwa amekwisha kula sekunde nyingine nyingi.

Siri yake ilikuwa katika gia. Kona ambazo siku zote alizipita kwa gia fulani, sasa alizipita kwa gia ya juu zaidi, akiliacha gari liteleze hadi ukingoni. Rekodi ya barabara hiyo, aliyoiweka yeye mwenyewe mwaka 1956, ilikuwa dakika 9 na sekunde 41.6. Katika mazoezi ya juma lile alikuwa ametumia dakika 9 na sekunde 25.6, na watu wakastaajabu. Katika mzunguko wa 20 alitumia dakika 9 na sekunde 17.4, wastani wa kilomita 147 kwa saa katika njia ile ya milimani!

Katika mzunguko wa 21 akamfikia Collins, akampita. Jiwe lililorushwa na magurudumu ya Maserati likavunja kioo cha miwani ya kijana huyo. Kisha, katika mzunguko huohuo, akajipenyeza kando ya Hawthorn, magurudumu yakikanyaga majani. Hawthorn hakukata tamaa, alimfuata mpaka mwisho. Kiti cha Fangio kilikuwa kimelegea, ikambidi ajikaze kwa magoti ili asirushwe huku na huku. Alishinda kwa sekunde 3.6, na ubingwa wa tano ukawa wake. Hakuna aliyeifikia idadi hiyo kabla ya mwaka 2002.

Hawthorn na Collins walimpongeza kwa furaha kana kwamba wameshinda wao. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa amepata kuendesha namna ile, wala hakutaka kuendesha hivyo tena. Usingizi ulimkataa baada ya siku hiyo. Huo ulikuwa ushindi wake wa 24, na wa mwisho, katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwezi Julai mwaka 1958, baada ya mashindano ya Ufaransa mjini Reims, aliacha kushindana.

Mwezi uliofuata Collins alipata ajali ileile Nürburgring, akafa. Hawthorn alitwaa ubingwa wa mwaka huo, akastaafu, na mwezi Januari 1959 akafa akiendesha gari lake mwenyewe katika barabara ya kawaida huko Uingereza. Fangio alifariki mjini Buenos Aires tarehe 17 Julai 1995, akiwa na umri wa miaka 84.