Alikaa na Nani?

Mtu akikohoa mwezi mzima huku Igembe, kaunti ya Meru, jirani humuuliza kwanza kuhusu miraa: anatafuna kiasi gani? Ukiteremka Mbeere, kaunti ya Embu, utakuta swali ni lilelile, ila miraa imekuwa muguka. Asipotumia chochote kati ya hivyo, lawama huangukia sigara, vumbi au baridi ya Mlima Kenya. Akianza kukonda, watu hunong'ona kwamba ana Ukimwi. Maswali haya yote humchunguza mtu mmoja, alichotia kinywani na mwenendo wake. Toleo hili kuhusu kifua kikuu limeandaliwa kwa sababu tunaamini swali lenye kufaa ni jingine: alikaa na nani, katika chumba gani, kwa muda gani?

Kifua kikuu huenezwa kwa hewa. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinachokisababisha. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akiimba au hata akizungumza, hutoa chembechembe zinazoweza kuelea kwa saa kadhaa mahali pasipo na upepo. Kikombe alichonywea hakiambukizi, wala mkono wake wa salamu. Lakini sisi humtengea kikombe na sahani, kisha usiku tukalala naye chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi.

Yatazame basi maisha ya huku kwetu. Wachumaji na wafungaji wa miraa hubanana kibandani. Pikapu huondoka Maua kuelekea Nairobi ikiwa imepandishwa vioo. Vijana hukaa katika chumba cha kuchania miraa kuanzia adhuhuri hadi usiku, moshi umetanda na mlango umerudishwa. Kuna mabweni ya shule, seli za polisi, matatu za asubuhi, mikesha ya maombi. Jani lenyewe halina kijidudu cha kifua kikuu. Hatari imo katika hewa wanayoivuta pamoja. Sisemi kwamba mwenendo wa mtu hauna uzito. Sigara huharibu mapafu, na njaa, kisukari na virusi vya Ukimwi hupunguza kinga, hivyo kijidudu kilicholala miaka mingi mwilini huamka. Ila ni lazima kwanza kiwe kimeingia, nacho huingia kwa pumzi ya mwenzako.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kuwa kati ya kila watu wazima 100,000 nchini Kenya, 558 walikuwa na kifua kikuu cha mapafu. Kiwango cha wanaume kilizidi cha wanawake zaidi ya mara mbili. Tena, wengi wa waliogunduliwa hawakuwa na virusi vya Ukimwi. Minong'ono yetu, basi, haina msingi, na madhara yake ni makubwa: mtu huogopa kuonekana kwenye foleni ya vipimo, akaendelea kukohoa nyumbani kwake. Meru hutajwa mara kwa mara miongoni mwa kaunti zenye wagonjwa wengi.

Tiba ipo, na historia yake inatuhusu. Zamani mgonjwa alimeza dawa miezi 18. Majaribio yaliyofanywa miongoni mwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa miezi sita inaweza kutosha zikitumika dawa zinazofaa. Dunia nzima ilijifunza kutokana na miili ya watu wetu. Inauma kwamba nusu karne baadaye kibarua wa majani chai Embu bado anashindwa kuimaliza miezi hiyo sita. Dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, lakini nauli anajilipia, na siku ya kliniki ni siku bila ujira. Vidonge humchafua tumbo, naye hana chakula cha maana. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, na asipoelezwa mapema kwamba hilo si baya, hushtuka akaviacha. Uchunguzi wa mwaka 2017 kuhusu gharama za wagonjwa nchini ulikuta kwamba zaidi ya kaya moja kati ya nne zilizopatwa na ugonjwa huu zilibeba gharama zilizozidi asilimia 20 ya bajeti yao ya mwaka. Kibarua kama huyo akipata nafuu mwezi wa pili na kurudi kazini, tunamwita mkaidi. Mimi sikubali.

Tunazitaka serikali za kaunti ya Meru na ya Embu zitenge fedha za nauli na chakula kwa wanaotibiwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaofika nyumbani kwa mgonjwa wawezeshwe kufika pia anakoshinda mchana: kibandani, stendi, kiwandani, chumba cha kuchania. Wenzake wote wapimwe hapohapo, bila kuulizwa wanatafuna nini, na watoto wadogo wa nyumba yake wapewe dawa ya kinga kabla hawajaanza kukohoa.