Jiwe la Yakobo katika Mawe ya Micheweni

Ndugu Mkristo uliyepangiwa kazi Micheweni, uwe mwalimu, muuguzi, askari au mchuuzi wa nguo, waraka huu ni wako. Najua unayosema jioni ukiwapigia simu watu wa nyumbani, Songea au Moshi au Tabora: huku kuzuri, watu wake wema, samaki wapo, ila kiroho nimekauka, Mungu nimemwacha huko kwetu. Nayajua kwa sababu nimeyasema mimi mwenyewe, na kwa muda mrefu niliyaamini. Leo nasema tulikosea, mimi na wewe, na kosa hilo limetunyima faraja nyingi iliyokuwa mlangoni petu.

Fikiri tulivyolelewa. Kule bara kengele inalia, kwaya inajibu, jumuiya inakutana nyumba kwa nyumba, mchungaji unampita njiani na kuamkiana naye. Mtu anaweza kuishi miaka thelathini akibebwa na sauti za wenzake asijue kwamba miguu yake mwenyewe haijawahi kukanyaga chini. Halafu inakuja barua ya uhamisho. Unavuka bahari, unashuka Mkoani, unapanda gari mpaka kaskazini kabisa mwa Pemba, na Jumapili ya kwanza unaamka katika mji ambao hiyo ni siku kama nyingine, maana siku kubwa hapa ni Ijumaa. Ukitaka ibada ya pamoja, ufunge safari. Mvua ikinyesha au nauli ikikosekana, unabaki. Hapo ndipo moyo unaposema: nimeachwa.

Namkumbuka Yakobo. Huyu hakuwa msafiri wa hija. Alikuwa anamkimbia ndugu yake, ametoka Beersheba anaelekea Harani, na jua likamchwea mahali asipopajua. Hapakuwa na madhabahu wala kuhani. Alichopata ni jiwe, akaliweka chini ya kichwa akalala. Na usiku ule ule, juu ya jiwe lile, akaiona ndotoni ile ngazi ya kufika mbinguni. Alipoamka akatambua kwamba Mungu alikuwa hapo muda wote na yeye hakuwa na habari. Jiwe la mto wa kulalia asubuhi akalisimamisha, akalimiminia mafuta, na mahali pakaitwa Betheli, nyumba ya Mungu.

Sasa nani atakosa jiwe Micheweni? Nchi hii ni ya maweni. Jembe linagonga mwamba kabla halijazama. Pita njiani uone watu walivyoketi chini ya vibanda vya makuti wakiponda kokoto kwa nyundo, rundo baada ya rundo, tangu asubuhi. Kama Mungu alikuwa juu ya jiwe la Betheli, kwa nini asiwe juu ya haya?

Utaniuliza, nifanyeje basi, maana kujua kwamba yupo si sawa na kumhisi. Swali la haki. Nitakujibu kwa lililonisaidia mimi, nalo lilianzia kwenye daftari la mahudhurio.

Darasa langu lilikuwa na watoto wengi, na kuita majina kila asubuhi kulinichosha. Kombo. Yupo. Faki. Yupo. Mize. Hayupo. Nilikuwa nayaita mbio mbio ili nifikie somo. Siku moja, kwa uchovu zaidi kuliko uchaji, nilisita kwenye jina la mtoto aliyekuwa hayupo kwa wiki nzima, nikamwombea kimoyomoyo kabla ya kuita la pili. Kesho yake nikawaombea wanne. Baada ya mwezi nilikuwa napita daftari zima hivyo, pumzi moja kwa jina moja, bila mtu kujua. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, mbona siku hizi unatwita polepole?" Sikuwa na jibu la kumpa. Ila nilijua kwamba dakika zile ndizo zilizokuwa sala yangu ya kwanza ya kweli tangu nivuke bahari, na kwamba sikuwa nimetoka darasani kuitafuta.

Faraja ya Mungu haimjii mtu anayeingoja amekunja mikono. Tazama akina mama wa mwani, kilimo kilichoanza Zanzibar kwa biashara mwaka 1989 na ambacho mpaka leo kinabebwa zaidi na wanawake. Bahari ikipwa wanashuka na kamba na vigingi. Kila kipande cha mwani kinafungwa peke yake, kwa kamba ndogo, shubiri kwa shubiri, mgongo umeinama na maji ya chumvi magotini. Hakuna anayeona mwani ukikua. Maji yanajaa, yanafunika yote, mama anarudi nyumbani. Baada ya wiki sita hivi, bamvua likirudi, kile kipande kidogo kimekuwa shada zito. Yeye kazi yake ni kufunga. Kukuza si kwake. Nami naamini sala za siku ya kazi ziko hivyo hivyo: jina moja la mwanafunzi, shukrani moja kabla ya muhogo na dagaa, neno moja la toba ukikumbuka ulivyomfokea mtu. Vifunge na uende zako. Usivichungulie kila saa kuona kama vimeota.

Tena tuna msaada ambao wenzetu wengi wa bara hawana, nasi tumekuwa tukiuhesabu kuwa upweke. Mara tano kwa siku adhana inakatiza kila kitu Micheweni. Muuza samaki anafunika beseni, fundi anaweka msumeno. Wewe Mkristo unafanya nini wakati ule? Mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio. Naona haya kuliandika hilo. Majirani zangu walikuwa wanasimama mbele ya Mungu nyakati tano tofauti, na mimi niliyejiona nina kiu ya Mungu nikasubiri Jumapili. Si lazima usali kama wao, na wala hawakuombi hivyo. Lakini mji mzima ukinyamaza kwa ajili ya Mungu, nawe nyamaza. Una Baba wa kuzungumza naye.

Wapo watakaosema nawafundisha watu kulikimbia kanisa. Hasha. Nauli ikipatikana, nenda. Mkate na kikombe havitumwi kwa simu, na Mkristo asiyetamani kukutana na wenzake ana ugonjwa mwingine ambao siuandikii leo. Ninachokataa ni kuigeuza Jumapili kuwa ghala ambamo Mungu amefungiwa mpaka mtu aje na ufunguo.

Na kumkuta Mungu nje ya ghala hilo si jambo geni katika visiwa hivi. Mwaka 1897, ulipotangazwa mwisho wa utumwa kisheria Unguja na Pemba, Wakristo wa chama cha Marafiki kutoka Uingereza walikuja hapa hapa Pemba, wakafungua misheni ya kazi Banani, upande wa Chake Chake, kwa ajili ya watu waliokuwa watumwa mashambani. Asili ya ibada ya Marafiki ni kukaa pamoja kimya, bila mimbari, wakimngoja Mungu. Napenda sana kuwafikiria katika mashamba ya mikarafuu, maana huyo ni Mkristo ambaye ukimnyang'anya kengele hujamnyang'anya kitu. Halafu yuko Askofu Frank Weston, aliyeongoza Dayosisi ya Kianglikana ya Zanzibar tangu 1908 mpaka kifo chake 1924. Huyu alizipenda altare na uvumba na sakramenti kuliko wengi wetu. Lakini mwaka 1923, mbele ya umati wa Waanglikana wenzake London, aliwaonya kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu altareni huku wakimpita Yesu huyo huyo katika maskini wa vichochoroni. Hakuwa mtu wa maneno matupu. Alikwisha kuandika hadharani kupinga Waafrika kulazimishwa kufanya kazi kwa amri ya serikali ya nchi yake mwenyewe. Kama askofu wa altare anasema hivyo, basi anayeponda kokoto kando ya njia yako ya kwenda kazini si mandhari ya safari. Msalimu. Keti naye kidogo. Yule unayelia kwamba yuko mbali, huenda umempita leo asubuhi.

Mimi nilifundishwa hili siku ambayo sikutaka kufundishwa chochote. Simu ilikuja mchana kwamba mama yangu amefariki bara. Boti ya siku ile ilikwisha kuondoka. Nilikaa barazani nikawa kama mti. Hapakuwa na mchungaji wa kumwita wala mwanakwaya wa kuanzisha wimbo, nikasema moyoni, ndiyo hii siku niliyokuwa naiogopa.

Bibi wa nyumba ya pili akaja. Alisema, "Makiwa, mwalimu," akaweka bakuli la uji kando yangu, akajifunga kanga yake vizuri, akakaa. Hakunipa mawaidha. Hakuuliza mama aliumwa nini. Alikaa tangu laasiri, jua likazunguka likatufikia, hakusogea. Mara moja tu alinyoosha mkono akafukuza nzi kwenye bakuli. Na katika kimya kile, kitu kilichokuwa kimenikaba tangu mchana kikaanza kulegea, nikaweza kulitamka jina la mama yangu kwa sauti.

Adhana ya magharibi ilipoanza aliinuka kwa kushika ukuta, magoti yakimlia.

"Naenda nikaswali," akasema. "Nawe muombee mamako, mwanangu. Nikirudi nikute umekunywa."