Tangazo la Chumba Liseme Wazi

MTAA KWA MTAA
Na Njeri Kamande

“Natafuta dada mtulivu wa kushare bedsita hapa Gitothua. Elfu nne, maji yapo, dakika tano hadi stejini.”

Matangazo ya namna hii yamejaa kwenye nguzo za stima na makundi ya WhatsApp ya Ruiru. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe mwaka 2012, nyumba za kupangisha zimechipuka kila upande, na sensa ya 2019 ilikuta mji wa Ruiru una karibu watu nusu milioni. Wengi ni vijana wa vyuo na viwanda ambao kodi ya peke yao hawaimudu. Hukaa pamoja na mtu wasiyemjua, kwa kuamini mistari miwili ya tangazo.

Tangazo hilo halina uongo, lakini elfu nne ni ya nini? Aliyeandika anamaanisha nusu ya kodi, mbali na tokeni za stima na pesa za takataka. Anayesoma anadhani kila kitu kimo, na hana habari kwamba ataombwa nusu ya dipoziti pia. Maji yapo kila siku, au Jumanne na Ijumaa pekee? Dakika tano ni za miguu au za bodaboda?

Neno linalowagombanisha zaidi ni “mtulivu”. Mwenye chumba anafanya shifti ya usiku na anataka kimya mchana. Mgeni wake hanywi pombe wala haleti wanaume, basi anajiona mtulivu kuliko wote. Lakini kila alasiri anafungulia redio nyimbo za injili akifua. Kabla mwezi haujaisha hawasemezani, na kila mmoja anaapa kwamba alidanganywa.

Hasara humwangukia aliyeingia mwisho. Jina lake haliko kwenye risiti ya landilodi. Kodi yake aliituma kwa M-Pesa ya mwenzake. Isipomfikia landilodi, keriteka anafunga mlango kwa kufuli, na vyombo vya wote wawili vinabaki ndani. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Bedsita ya elfu nane haimo. Kinga iliyo karibu naye ni yale waliyoandikiana, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna pia wanaoandika “mtu wa kwetu”. Kama maana ni kabila, waliache. Kifungu cha 27 cha Katiba kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa kabila au dini, na nchi hii iliona mwaka 2008 wapangaji wakifurushwa kwa sababu ya majina yao.

Ukitafuta wa kukaa naye, andika kodi kamili na fungu lake, dipoziti, siku za maji, saa zako za kulala na msimamo wako kuhusu wageni. Nawe unayetafuta chumba, omba kuona risiti ya mwezi uliopita kabla hujatuma hata shilingi. Kuuliza si ujinga. Na wasimamizi wa makundi ya WhatsApp wayarudishe matangazo yasiyotaja mambo haya. Wakifanya hivyo, watawaokolea vijana wengi kodi na urafiki.