Barua Pepe ya Biashara Yako Nayo Inahitaji PIN

Kwa kawaida huwezi kutuma hata shilingi 10 kwa simu bila kuweka PIN. Laini ni yako, simu iko mkononi mwako, lakini bado unaulizwa: ni wewe kweli? Tumeshazoea, na hakuna anayelalamika. Lakini kuna biashara zinazopokea malipo kwa Paybill au Till, huku ankara za wateja zikitumwa na seva ya barua pepe isiyomuuliza mtu yeyote swali hilo. Kwa maoni yetu, hiyo ni hatari kwa pesa, si shida ya kompyuta tu.

Chanzo chake ni cha zamani. SMTP, utaratibu unaotumika kupitisha barua pepe, uliandikwa mwaka wa 1982 bila nafasi ya nenosiri. Kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe waliaminiana. Intaneti ilipofunguka kwa kila mtu, matapeli walianza kutumia seva za watu wengine kumwaga spamu. Mwaka wa 1999 njia rasmi ya kumtaka mtumaji ajitambulishe kwanza ikatolewa. Kwa hivyo dawa ipo, tena si mpya.

Tatizo ni mazoea. Fundi anaiambia seva iamini kila kifaa kilicho kwenye mtandao wa ofisi, ili watu wasisumbuliwe. Kumbe mtandao huo una printa, kompyuta ya mapokezi na simu ya mgeni aliyepewa Wi-Fi. Kirusi kikiingia kwenye kimoja tu, kinaweza kuwaandikia wateja wako: "Tumebadilisha Till, lipia hapa." Barua imetoka kwako kweli, na mteja hana sababu ya kuitilia shaka. Analipa. Wewe unamdai, yeye anasema amelipa, na mnasema ukweli nyote wawili. Aliyepokea akishatoa pesa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Wapo watakaosema nenosiri linachelewesha kazi. Si kweli sana. Mfanyakazi huliweka mara moja kwenye programu yake ya barua, nayo hulikumbuka. Printa inayotuma nakala kwa barua pepe ipewe akaunti yake. Na kila mtu awe na lake: nenosiri moja la watu watano ni kama PIN iliyobandikwa ukutani. Kila mmoja akiwa na lake, rekodi za seva zitaonyesha akaunti iliyotuma barua, na unaweza kuifunga hiyo pekee bila kusimamisha ofisi nzima.

Tuseme ukweli pia: hatua hii inafunga mlango wako tu. Haimzuii mkora aliye kwingine kuandika jina lako juu ya bahasha yake. Kwa hilo kuna SPF, DKIM na DMARC, ambazo husaidia seva inayopokea kujua kama barua imetoka kwako kweli. Lakini ukiacha mlango wazi, hata hizo hazitakuokoa, maana barua ya mkora itatoka ndani ya nyumba yako.

Wiki hii muulize fundi wako maswali matatu. Je, seva yetu inadai nenosiri kabla ya kutuma, hata kwa aliye ndani ya ofisi? Je, nenosiri hilo linasafiri likiwa limefichwa kwa TLS, kwa kawaida kupitia porti 587 au 465? Je, kila mfanyakazi ana akaunti yake? Akijibu "hapana" kwa lolote, hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Na wewe unayelipa: ukipata barua yenye Till mpya, piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Kisha soma jina linalotokea kabla ya malipo kukamilika. Yakishakamilika, pesa zimeenda.