MECHI TATU SI LIGI!



Jumamosi iliyopita, wakati wa kupima kabichi, kulitokea maneno makali pale ghalani. Wenzetu kadhaa wanataka fedha ya mfuko wa michezo inunue king'amuzi cha ukumbi wa chama, ili tuwe tunazitazama Simba na Yanga kila wiki. Sisi wa Kamati ya Michezo tulikuwa tumependekeza fedha hiyo hiyo inunue mipira ya watoto, na itakayobaki ikodi kosta siku Mtibwa Sugar itakapopangiwa kucheza Jamhuri, mjini Morogoro. Tukajibiwa: "Ngojeni kwanza tuione hiyo Mtibwa yenu. Ikianza msimu vizuri tutapanda kosta. Ikianza vibaya, tunabaki na king'amuzi chetu."

Maneno hayo tunayapinga, na tunayapinga kwa maandishi ili kila mtu asome.

Hatusemi Mtibwa haina kasoro. Kasoro anazo, tena nyingi, na hapa chini tutazitaja. Tunachosema ni kwamba mwanzo wa msimu ni mizani mbovu. Mtu anayeipima timu kwa mechi tatu za kwanza atapunjika kama sisi tunavyopunjika tukiuza viazi kwa lumbesa.

Tukumbushane. Tarehe 20 Septemba 2014, siku ya kwanza ya ligi, Mtibwa iliifunga Yanga 2–0 pale Jamhuri. Walifunga Mussa Hassan Mgosi na Ame Ali. Wangapi kati yetu walirudi huku Mgeta usiku ule sauti zimekauka? Ligi iliposimama Novemba, baada ya mechi 7, wakata miwa walikuwa kileleni. Hapa kijijini watu walikwisha anza kuhesabu ubingwa wa tatu, baada ya ile ya 1999 na 2000. Januari 2015 timu ikafika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, ikatolewa na Simba kwa penalti. Baada ya hapo? Msimu ulipokwisha, bingwa alikuwa Yanga, yule yule tuliyemfunga siku ya kwanza! Mtibwa walikuwa mbali huko chini.

Sasa je, zile bao mbili zilikuwa uongo? Hapana. Zilikuwa kweli, ila zilipima vitu viwili kwa pamoja. Zilipima uzima wa Mtibwa, vijana wanaojuana, wenye pumzi, wanaofukuza mpira mpaka dakika ya mwisho. Na zilipima ugeni wa Yanga. Mwalimu wao, Marcio Maximo, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi. Mshambuliaji wao Mbrazili, Jaja, alikosa penalti siku hiyo. Kabla mwaka haujaisha Yanga wakamwondoa Maximo, wakamleta Hans van der Pluijm, wakajipanga upya. Timu kubwa ikianza vibaya ina fedha ya kujirekebisha katikati ya njia. Timu kama yetu ikianza vizuri huwa imekwisha kuonyesha vyote ilivyo navyo. Ligi ya mwaka ule ilikuwa na mechi 26. Mtu aliyecheza 7 vizuri bado hajafika hata theluthi ya shamba.

Ndiyo maana tunasema nguvu ya Mtibwa ya mwanzo wa msimu ni kikosi cha kwanza, na udhaifu wake ni benchi. Ukiwaona wale kumi na mmoja mwezi wa kwanza utasema hawafungiki. Mmoja akivunjika mguu, wawili wakipata kadi, unaanza kuhesabu vidole. Tena wakitangulia kufungwa, vichwa vinainama. Hilo tumeliona kwa macho yetu, hatukusimuliwa.

Na benchi limekuwa fupi kwa sababu gani? Hapa ndipo wenzetu wa king'amuzi wasikilize. Ame Ali alihamia Azam mwaka 2015. Mwaka 2016 Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim walikwenda Simba kwa mpigo mmoja, na Vincent Andrew akaenda Yanga. Hassan Dilunga akafuata Simba mwaka 2018, mwaka ule ule ambao Mtibwa ilitwaa Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United 3–2 mjini Arusha. Januari 2020 tukaifunga Simba 1–0 fainali ya Mapinduzi, na mwaka huo huo Kibwana Shomari akaondoka kwenda Yanga. Dickson Job akamfuata 2021. Hatuwalaumu vijana. Kijana ana haki ya kula jasho lake, na pale Turiani wamelelewa vizuri. Timu ya vijana ya Mtibwa imekwisha kuwa bingwa wa nchi zaidi ya mara moja. Lakini kitalu kikikaa kinang'olewa kabla miche haijashika, shamba lenyewe litaota nini?

Halafu mtu anakaa mbele ya king'amuzi, anamshangilia kijana aliyetoka Mtibwa akiwa na jezi nyekundu, na anasema "Mtibwa haina wachezaji"! Jamani!

Twende 2023. Tarehe 17 Agosti Mtibwa ilifungua ligi pale Manungu na Simba. Tulifungwa mbili mapema, tukasawazisha zote mbili, mwisho tukalala 4–2. Kesho yake asubuhi hapa barazani tulisikia: "Imekwisha hiyo." Wengine walivua jezi mchana kweupe. Na kweli, msimu ulipokwisha 2024, Mtibwa ilishuka daraja pamoja na Geita Gold. Watatuambia: mnaona? Mechi ya kwanza ilisema kweli!

Mechi ile haikusema hivyo. Timu inayomrudishia Simba bao mbili ilikuwa na washambuliaji. Timu inayofungwa nne nyumbani ilikuwa na ukuta mbovu. Mambo hayo mawili yalionekana siku moja, na baada yake zilibaki mechi 29 za kuuziba ukuta. Haukuzibwa ipasavyo, hilo ni kosa la timu na tunalisema wazi. Lakini katika miezi yote ile, wakati vijana wanacheza na roho mkononi, watu wa mkoa wao walikuwa wapi? Simba au Yanga wakija Morogoro, uwanja unajaa nyekundu na kijani, na wengi wa hao waliojaa ni wakulima wa hapa hapa, wengine ni wa wilaya yetu hii ya Mvomero. Mwenyeji anacheza kwake kama mgeni. Kasumba ya namna gani hii?

Wazee wetu wanaikumbuka Mseto iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1975. Wanaikumbuka Reli, Kiboko ya Vigogo, na Tumbaku. Jamhuri ilikuwa inajaa kwa ajili ya timu za hapa. Leo watoto wetu hayo majina hawayajui. Mtibwa wamekwisha kushuka mara moja, wakapanda 2025 wakiwa vinara wa Ligi ya Championship. Walipanda bila kosta yetu hata moja, na hilo linatuuma.

Kwa hiyo hatukubali sharti la "ngojeni tuione." Anayetaka Simba na Yanga aende kibanda umiza kama kawaida yake, hatumzuii. Mfuko wa michezo ni wa chama.

Hoja hii itapigiwa kura Jumamosi ijayo baada ya kupima mazao. Wanaotaka kosta waandike majina kwa karani wa mizani kabla ya Alhamisi jioni. Watoto wa shule nusu nauli. Jezi nyekundu na za kijani hazitapanda gari.

Kamati ya Michezo