Ukihesabu miti pekee, bado hujahesabu msitu

Unaikumbuka ile kesi ya sisimizi? Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji, wote wa umri wa miaka 19, walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wakiwemo malkia. Walikuwa wamewapanga ndani ya vijichupa zaidi ya 2,000 vilivyotiwa pamba ili wafike salama walikokuwa wakipelekwa. Mitandaoni tulicheka hadi mbavu zikauma. Yaani mtu anapanda ndege kutoka Ulaya kuja kubeba sisimizi?

Mwezi uliofuata mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA ilitoa hukumu: faini ya Sh1 milioni kila mmoja, ama kifungo cha miezi 12. Raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja, waliopatikana na sisimizi mia kadhaa, walipewa adhabu hiyo hiyo. Shirika la Wanyamapori (KWS) lilisema kwamba wasafirishaji haramu, waliozoeleka kwa pembe na ngozi, sasa wanageukia viumbe vidogo ambavyo hatukuvijali.

Lakini ebu tulia kidogo ufikirie. Mnunuzi aliyeko Ulaya analijua jina la sisimizi huyo. Anajua anakula mbegu za nyasi, anajua malkia wake anaanzaje koloni, na anajua bei yake. Wewe na mimi tunamkanyaga kila asubuhi tukienda steji. Kwa hivyo katika kesi hii, aliyekuwa mshamba ni nani?

Swali hilo tulipeleke Taita, maana huko ndiko lina uzito zaidi.

Voi hadi Wusi

Ukitoka Voi kwa barabara ya Taveta, unapita tambarare kavu na mashamba ya mkonge hadi Mwatate. Huku chini kila mtu anajua sifa ya kaunti hii ni nini: ndovu. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Taita Taveta, na habari za ndovu kuingia mashambani hazikosi kwenye magazeti. Kisha unaanza kupanda milima. Hewa inabadilika, unatafuta sweta, na ukifika upande wa Wusi unaona mahindi, maharagwe na migomba kwenye miteremko. Juu ya vilele kuna miti, na macho ya mgeni yanakwambia kwamba msitu upo.

Upo kweli? Hapo ndipo hesabu inapotudanganya.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo cha utafiti pale Wundanyi, walilinganisha picha za angani za milima hii za kuanzia mwaka 1955 hadi 2004. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Ukijumlisha kila kitu kinachoitwa msitu, eneo lilikuwa limepungua kwa takriban asilimia 2 tu. Mwanasiasa angeipeleka takwimu hiyo jukwaani na kupigiwa makofi. Lakini ukitenganisha miti ya kiasili na miti ya kupandwa, msitu wa asili ulikuwa umepoteza nusu ya eneo lake, karibu hekta 260. Pengo lilizibwa na misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni.

Ukitazama kutoka juu, kijani ni kijani. Tofauti unaiona ukipiga magoti chini.

Kipepeo ambaye hana kwingine kwa kwenda

Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ya milima ya kale inayoanzia Tanzania na kupitia Usambara na Pare. Unyevu kutoka Bahari Hindi unagonga milima hii na kugeuka ukungu, na ukungu huo ndio uliokuza misitu yake. Kwa kuwa imezungukwa na nyika kavu, kila mlima ni kama kisiwa. Kiumbe kilichozoea baridi na unyevu wa juu hakiwezi kuvuka jua la Tsavo kwenda kutafuta makao mapya.

Ndiyo maana milima hii ina viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Ndege wake wanajulikana kiasi. Wadudu ndio tunaowasahau. Kuna kipepeo ambaye wataalamu wanamwita Cymothoe teita, na jina lenyewe linakuonyesha kwao ni wapi. Kuna na mwingine mkubwa, mweusi mwenye mshipi wa buluu, Papilio desmondi teita, ambaye ni aina ndogo ya hapa hapa Taita.

Sasa kipepeo hatulii popote tu. Kiwavi wa vipepeo wengi wa msituni hula majani ya mimea michache mahususi, basi. Ukimpandia ekari kumi za mkaratusi, kwake ni kama umempandia ekari kumi za nguzo za stima. Ule mti wa asili ukikatwa, kipepeo haondoki kwenda kwingine. Anaisha.

Na nafasi aliyobaki nayo ni ndogo mno. Vipande vikubwa vya msitu wa asili vina majina yanayojulikana na wenyeji: Mbololo, Ngangao, Chawia. Mbololo yenyewe haifiki hekta 250. Vipande vingine ni vya hekta chache tu, unavuka mguu hadi upande wa pili kabla hujamaliza soda. Kati ya kipande na kipande kuna mashamba, barabara, nyumba na hiyo miti ya kupandwa.

Kumhesabu asiyetaka kuonekana

Labda unajiuliza, wadudu na buibui wanahesabiwaje? Kazi yenyewe haihitaji mashine za ajabu.

Mtafiti hufukia kikombe cha plastiki ardhini, mdomo wake ukiwa sawa na udongo. Kufikia asubuhi, aliyekuwa akitembea usiku ameshatumbukia: mbawakawa, jongoo, sisimizi, buibui wa kuwinda. Mbinu nyingine ni kushika mwavuli uliogeuzwa chini ya tawi, kisha kulipiga tawi kwa fimbo. Viumbe ambavyo hukuviona hata ukikodoa macho vinaanguka kama mvua. Usiku mtu hutundika shuka nyeupe na kuiwekea taa, nondo wakaja wenyewe. Na majani makavu yaliyooza chini ya miti huchekechwa kama unga, maana humo ndimo kuna mji mzima.

Kwa buibui, tochi inatosha. Ishikilie karibu na usawa wa macho yako na umulike chini. Utaona vimeremeto vidogo vya kijani kwenye majani. Hayo ni macho ya buibui wa kuwinda, wale wasiotega nyavu, yakirudisha mwanga wako. (Na kabla hujaniuliza: buibui si mdudu. Mdudu ana miguu sita, buibui ana minane.)

Rudia kazi hiyo hiyo kwa njia ile ile kwenye msitu wa asili, kisha kwenye shamba la mikaratusi lililo jirani, kisha kwenye mahindi. Linganisha. Hapo ndipo unapata jibu ambalo picha ya angani haikupi. Mti unaweza kusimama miaka mia moja huku msitu unaouzunguka ukifa polepole. Mdudu anaishi wiki au miezi. Unyevu ukipungua, majani makavu yakifagiliwa, mti anaoutegemea ukikatwa, hesabu yake inashuka haraka. Ni kama kipimajoto: kinakuonyesha homa kabla mgonjwa hajaanguka.

Tuna mfano hapa hapa Kenya. Katika msitu wa Kakamega, watafiti wamefuatilia siafu wanaowinda kwa misafara mikubwa. Walikuta kwamba msitu ulipokatwakatwa vipande, aina moja ya siafu hao ilipungua sana. Kuna ndege ambao hula kwa kuufuata msafara wa siafu, wakidaka panzi na wadudu wanaokurupushwa. Siafu wakipungua, ndege hao nao mezani hakuna kitu. Mtalii aliyekuja kumpiga picha ndege huyo hajui kwamba riziki ya ndege ilikuwa juu ya mgongo wa siafu.

“Lakini wadudu si ndio wanatumaliza?”

Hoja hii ni ya haki, na mkulima wa Wusi ana kila sababu ya kuitoa. Viwavijeshi vamizi viliripotiwa Kenya mwaka 2017 na vimekula mahindi ya watu. Nzige wa jangwani walituvamia mwishoni mwa 2019. Mbu anaua. Hakuna anayekuomba umpende kiwavi aliye kwenye hindi lako.

Ila tazama ni nani anayemla huyo kiwavi. Ni nyigu, sisimizi, buibui. Hawa ni askari wasiolipwa mshahara, na dawa ikipulizwa ovyo wao hufa pamoja na adui. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kuna buibui mdogo anayeruka aitwaye Evarcha culicivora, ambaye akipewa uchaguzi humlenga mbu aliyeshiba damu. Hakuna aliyemtuma. Tumemjua kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakamtazama kwa subira.

Na kutazama wadudu si mambo ya wazungu tu. Taasisi ya icipe pale Kasarani, inayoheshimika duniani kwa utafiti wa wadudu, ilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo.

Bilioni 15 za miti gani?

Turudi kwenye siasa. Serikali imelenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Novemba 13, 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda miti. Wazo ni zuri, na mimi sibishani nalo. Ninachobisha ni kipimo. Tunatangaziwa idadi ya miche, mara chache aina ya miche. Hatuambiwi baada ya miaka mitano ni viumbe gani vimerudi.

Taita imeshatuonyesha kipimo hicho kinavyoweza kutupoteza. Unaweza kupunguza msitu kwa asilimia 2 kwenye karatasi na kwa asilimia 50 kwenye maisha halisi, na takwimu zote mbili zikawa kweli. Mkaratusi una kazi yake: nguzo, mbao, kuni, karo ya shule. Mkulima aupande shambani kwake na auze. Lakini asiuhesabu mtu kama msitu uliorudi.

Wazee wa Kidawida walikuwa na kipimo kingine. Walikuwa na fighi, vijisitu vitakatifu vya kulinda kijiji, ambavyo hukukata mti ovyo. Hawakuwa na programu ya simu wala takwimu, lakini walielewa kwamba kuna mahali panapofaa kuachwa kama palivyo, pamoja na kila kinachotambaa humo.

Wewe unaingia wapi?

Unaingia na hiyo simu uliyoshika. Kuna programu kama iNaturalist ambapo unapakia picha ya mdudu, inarekodi mahali na tarehe, na watu wenye ujuzi wanakusaidia kumtambua. Wakati wa nzige, ripoti zilizotumwa kwa simu kutoka mashinani zilisaidia kujua makundi yalikuwa wapi. Njia hiyo hiyo inafaa kwa kipepeo wa Chawia.

Mambo matatu tu ya kuzingatia. Kwanza, ukitaka kuingia msitu wa serikali, piga hodi kwa Huduma ya Misitu (KFS) na kwa chama cha jamii cha kuhifadhi msitu huo. Pili, usiingize mkono chini ya gogo au jiwe usiloona kilichoko, nge na nyoka nao ni wakazi. Tatu, piga picha uache. Kukusanya na kusafirisha bila kibali ndiko kulikowapeleka wale wanne mahakamani.

Na kama unawaza pesa, njia halali ipo. Mradi wa Kipepeo pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianza mwaka 1993. Wakulima hufuga viwavi, na mabuu yao huuzwa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Msitu ukikatwa, biashara inakufa, kwa hivyo mkulima mwenyewe ana sababu ya kuulinda.

Basi siku ya kupanda miti ikija tena, kabla hujapiga selfie na mche wako, muulize aliyekupa: huu ni mti gani, na ni nani anayekula majani yake? Akishindwa kujibu swali la pili, andika jina la mti na mahali ulipoupanda. Rudi baada ya mwaka, uinue majani uone kama kuna aliyehamia.