Wana Kilangali, Tukutane Mferejini Kabla ya Masika

Kilangali inalisha watu isiowajua. Mbegu za mpunga kutoka shamba la Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA) hapa kwetu huondoka kwa malori kwenda mikoa ambayo wengi wetu tunaisikia redioni tu, na mkulima wa huko akivuna vizuri hana habari kwamba mavuno yake yalianzia Kilosa. Ni sifa, na tuna haki ya kutamba nayo kidogo. Ila mbegu hiyo, sawa na gunia lako na langu, haitoki hapa bila barabara, daraja, umeme na mtandao. Kimoja kikikatika, tunabaki kutazamana.

Wilaya yetu imeshaonja. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulipasua tuta lake, ukaingia mjini Kilosa, ukabeba nyumba na mashamba, na mvua hizohizo zikaing'oa reli ya kati upande wa Gulwe. Maelfu ya watu waliishi kwenye mahema, na treni zikakaa miezi bila kupita. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila: maji yakaikata barabara ya Morogoro–Dodoma, malori yakalala njiani na mizigo yake.

Ya maji angalau tunayaona yakija. Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu, karibu nchi nzima ikaingia gizani. Sisi ni majirani wa Kidatu, penye mitambo ya megawati 204, lakini gridi ikianguka ujirani huo hauwashi hata taa moja. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikakatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Kuna wazee watakaosema intaneti ni mambo ya vijana wa mjini. Wazee wangu, shikamooni, lakini mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23 tunaipata kwa namba inayokuja kwenye simu, na wakala asipoweza kuihakiki kwenye mfumo, mfuko haubebwi. Na mnunuzi wa mpunga siku hizi anatuma pesa kwa simu.

Giza lile lilipita upesi. Chukulia lingedumu wiki mbili, tena Aprili, mpunga ungali shambani, akiba iko ukingoni na kalavati limeshasombwa. Hapo hata mwenye magunia kumi ndani ana njaa ya kumtosha, maana mpunga usiokobolewa hauliwi. Mashine zinangoja umeme. Vinu na michi vimebaki nyumba chache, na wanaojua kutwanga debe zima bila kuvunja punje ni bibi zetu, ambao hatuna aibu kuwaachia kazi zote. Kwa maoni yangu, hapa ndipo tulipo dhaifu kuliko hata kwenye mafuriko.

Basi naomba kila kijiji cha kata yetu kihakikishe kina mashine moja ya kukoboa na kusaga inayotumia dizeli, inayofanya kazi kweli, na mapipa ya mafuta yanayojulikana yako kwa nani. Wenye mashine za zamani msiziuze chuma chakavu. Tukae pamoja, tuchangie spea.

Kina mama, ninyi ndio mnaoijua akiba ya nyumba. Dalali anapokuja Juni na lumbesa yake, baba anaona ada ya shule na pikipiki. Wekeni kando kwanza chakula cha kufika mavuno mengine, na mbegu, kwenye mifuko ya kinga njaa. Kinachobaki ndicho cha sokoni.

Halafu kuna mifereji. Kila mwaka tunalaumu wakala wa barabara, TARURA, kalavati likiziba, na mara nyingine lawama ni halali, waendelee kuzisikia. Lakini mabua na chupa zilizoliziba hazikutoka Dodoma. Na wanaolima hadi kingoni mwa mto tunawajua kwa majina. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe, na ukingo uliolimwa ndio mto unaoanza nao. Tuwaombe kwa upole, tuwatafutie pa kulima, kisha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ije ituwekee alama.

Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Tunaomba watendaji wetu waandike ajenda hii kwenye mkutano wa mwisho kabla ya masika: mashine ya dizeli, akiba, na siku ya kuzibua mifereji kitongoji kwa kitongoji. Vijana wa bodaboda watangaze. Siku hiyo ikifika, kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe au beleshi, na wenye matrekta watoe trekta.